Fremu ya Mlango

Laki tisa, alisema Kibor,
na ukimkuta mama mapema, kabla ya chai, laki nane na nusu.
Vyumba vitatu, mabati ya kijani, choo cha ndani,
hati miliki mkononi.
Nakuru hii, kwa bei hiyo,
hupati hata banda la kuku kule Kiamunyi.

Tulikwenda Jumapili, mimi na Lusweti.
Lami ilikata tamaa kabla yetu.
Barabara ya Mwariki ikaendelea kidogo, vumbi tupu,
kisha ikaingia majini taratibu
kama mtu anayejua anakokwenda.
Nguzo za stima zilisimama humo bila nyaya;
juu ya moja, mnandi alikuwa ameanika mabawa.

"Ziwa liko mbali," Kibor akasema.
Nikahesabu hatua: mia moja arobaini na mbili.
Nikahesabu tena wakati wa kurudi: mia moja thelathini na nane.
Pengine ni miguu yangu.

Mama Gachambi alitukaribisha viazi vya kuchemsha
na maneno machache.
Kuta zilinuka rangi mpya, ya maziwa,
lakini hadi kifuani tu;
juu ya hapo ilibaki ile ya zamani.
Lusweti hakuona. Alikuwa akipima kwa mikono
kochi litakaa wapi,
mtu aliyelala miaka kumi na mmoja katika chumba kimoja cha Ronda
ambako mwenye nyumba huongeza kodi
kama mpishi anayeongeza chumvi bila kuonja.

Mimi niliona fremu ya mlango wa jikoni.
Brashi haikufika hapo.
Mistari ya penseli, majina, miezi:
Muthee, Aprili.
Nyokabi, darasa la tatu.
Muthee tena, kampita dada yake.
Halafu mstari mmoja usio na jina,
mweupe, wa magadi,
juu ya kichwa cha Nyokabi, chini ya pua ya Muthee.

"Na huyu ni nani?"
Mama Gachambi akapangusa meza iliyokuwa safi.
"Huyo alikuja usiku," akasema.
"Akakaa miezi saba."

Nilikuwa nimejiandaa kudanganywa.
Nilikuwa na hasira yangu tayari, nimeifunga vizuri,
sasa sikujua niiweke wapi.
Yeye anauza ili aondoke.
Pesa zetu ndizo mtumbwi wake,
na mtumbwi ule una nafasi ya familia moja.

Usiku tulipiga hesabu nyuma ya risiti ya unga.
Mkopo wa sako, miaka sita.
"Ziwa hupanda, ziwa hushuka," Lusweti akasema.
"Baba alivuka pale na baiskeli, matope yamekauka kama chapati.
Na mtu ukishayavulia maji nguo..."
"Sijavua," nikasema.
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Lakini Nasambu, nimechoka kugonga mlango wangu mwenyewe."
Nikakosa jibu, maana ni kweli:
hapa hata msumari tunauombea ruhusa.

Asubuhi Kibor amepiga mara mbili.
Kuna mteja mwingine, anasema. Daima kuna mteja mwingine.
Anataka neno letu kabla ya saa sita.
Mawingu yameikalia Menengai na hayana haraka.

Nafula anavaa soksi za shule, moja nyeupe, moja karibu nyeupe.
"Mama, kule kuna mlango wa kuniandika?"
"Upo," namwambia. "Simama wima."

Kule jikoni, walipokuwa wakizungumzia bei,
nilisimama kando ya ule mstari, nikajipima.
Ulinigusa mbavuni.

Simu inalia mara ya tatu.
Nimeweka kiganja pale pale, mbavuni,
nimekinyoosha mbele kama rafu.
Mtoto anasogea, anajivuta juu,
anapita chini yake bila kuinama.